Usilipie Ng'ombe Jina la A2, Lipia Majani, Chanjo na Mbegu

Ndugu zetu wa Riyadh, Jeddah na kwingineko, leo tuongee ng'ombe. Wengi wetu tukishamaliza deni la ajenti na ada za watoto, mradi wa kwanza unaokuja kichwani ni ng'ombe wa maziwa. Si ajabu. Shamba lipo, mama yupo, na maziwa hayakosi mnunuzi. Ijumaa ukipita Al-Dirah, kuanzia Masmak mpaka kwenye maduka ya kutuma pesa kule Batha, habari za mitamba utazisikia kwa Kiswahili, Kiganda na Kikuyu.

Sasa kuna neno jipya limeingia kwenye biashara hii: "ng'ombe wa A2". Muuzaji anakutumia picha ya mtamba mzuri, anakwambia maziwa yake hayasumbui tumbo, wazungu wanayalipia bei kubwa, basi bei yake ipande. Swali linalotufikia ni moja tu: tuongeze pesa au tusiongeze?

Msimamo wetu ni huu: usiongeze hata riyali moja juu ya bei ya ng'ombe kwa sababu ya A2. Ukiipenda A2, ipate kwa njia ya mbegu wakati wa kupandisha, na pesa iliyobaki iende kwenye majani na dawa. Tutaeleza kwa nini.

Kwanza, A2 ni nini? Katika maziwa ya ng'ombe kuna protini iitwayo beta-kaseini, karibu asilimia 30 ya protini yote. Protini hiyo ni kama mnyororo wa shanga 209. Tofauti ya A1 na A2 ni shanga moja tu, ya 67: kwenye A1 ni histidini, kwenye A2 ni prolini. Tofauti hiyo ndogo inafanya A1 ikimeng'enywa tumboni iachie kipande kidogo kinachoitwa BCM-7. Kipande hicho ndicho kilicholeta kelele zote.

Kelele zilianzia New Zealand. Mwaka 2000 ilianzishwa kampuni ya kuuza maziwa ya A2 peke yake, na madai yakaja mengi: kisukari, moyo, mpaka matatizo ya ukuaji wa watoto. Mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia tafiti zilizokuwepo ikasema haikuona uthibitisho kwamba BCM-7 inasababisha magonjwa hayo. Baadaye tafiti ndogondogo ziliona baadhi ya watu wakipata nafuu ya tumbo wakinywa A2. Hilo hatulikatai. Ila nafuu ya tumbo kwa baadhi ya watu si dawa ya kisukari, na muuzaji anayekuuzia kama dawa anakupiga.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji halisemi. Wengi wanaosumbuliwa na maziwa tatizo lao ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, na wala si protini. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani hawaimeng'enyi vizuri, ingawa jamii za wafugaji kama Wamasai wana wengi wanaoimudu. Maziwa ya A2 yana laktosi ileile. Ndiyo maana mtu anaweza kuharishwa na maziwa mabichi halafu akanywa mtindi, au laban iliyomo kwenye friji ya madam, na asisikie kitu: kugandisha kumepunguza ile sukari. Na mwenye aleji ya kweli ya maziwa asidanganyike, A2 haimfai.

Pili, A2 wala si kitu kigeni kwetu. Ng'ombe wenye nundu, kama Boran, Sahiwal na zebu wa bibi zetu, kwa sehemu kubwa wana A2 tangu zamani. Guernsey nao wengi ni A2, na Jersey wana nafuu. A1 imejaa zaidi kwa Friesian na Ayrshire, ng'ombe tuliowatamani kwa wingi wa maziwa. Kwa hiyo ukiuziwa A2 kwa bei ya juu, unauziwa kitu ambacho bibi yako alikuwa nacho zizini bure.

Tatu, hapa ndipo pesa yako inapoweza kupotea. A2 haionekani kwa macho. Haiko kwenye rangi, kwenye pembe wala kwenye ladha ya maziwa. Inajulikana kwa kupima vinasaba tu: wanang'oa nywele za mkia zikiwa na mizizi, au wanachukua kipande kidogo cha sikio, kinaenda maabara. Kila ng'ombe ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Kwa hiyo kuna aina tatu: A1A1, A1A2 na A2A2. Wa A1A2 anatoa protini zote mbili kwenye ndoo moja. Muuzaji akikwambia "huyu ni A2" bila cheti cha maabara chenye namba ya hereni ya sikioni, hayo ni maneno. Akiwa na cheti, soma: kimeandikwa A1A2 au A2A2?

Tuseme ni A2A2 kweli. Akipata joto usiku, shemeji akaona uvivu kumwita mtaalamu, akampeleka kwa dume la jirani ambalo ni A1A1, ndama atakuwa A1A2. Ile bei ya juu uliyolipa imeishia kwa mama, haikufika kwa mtoto. Na maziwa yenyewe yanakwenda wapi? Kwenye pipa la chama cha ushirika, yanachanganywa na ya kijiji kizima, mnalipwa kwa lita au kilo. Hakuna anayeuliza shanga ya 67.

Tuifanyie hesabu kwa mfano. Mtamba mwenye mimba ni riyali 5,000, na wa "A2" anaongezwa 1,500. Kwa mshahara wa 1,000, hiyo ni kazi ya mwezi mmoja na nusu: kupiga pasi, kuosha ngazi, kubeba saruji juani. Riyali hizo 1,500 zingeweza kununua tangi la maji, mbegu ya nepia na chanjo. Hivyo ndivyo vinavyoongeza lita. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 60 hadi 70 za nepia mbichi kwa siku, na maji mengi sana. Akikosa hivyo, awe A2A2 au malaika, atakauka.

Kama unadhani tunatia chumvi, angalia hapa tulipo. Kusini ya Riyadh, Al-Kharj, kuna mashamba makubwa ya ng'ombe katikati ya jangwa, wakipozwa kwa feni na maji ya kunyunyizwa. Almarai ilianzishwa mwaka 1977, na mwaka 2014 ilinunua ardhi mpaka Arizona, Marekani, ili kulima alfalfa, hii tunayoiita barsimu, na kuisafirisha mpaka huku. Matajiri hawa wanajua kwamba maziwa yanaanzia mdomoni mwa ng'ombe. Sisi wenye eka moja hatuwezi kulikwepa hilo.

Tunajua kuna atakayesema: "Lakini kesho soko likibadilika, wenye A2 ndio watauza." Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki ubaki nyuma. Ila njia yake ni mbegu. Siku ya kupandisha, mwambie mtaalamu wa uhimilishaji aonyeshe orodha ya madume. Orodha nyingi za mbegu kutoka nje zinaonyesha aina ya beta-kaseini ya kila dume. Kwanza chagua kwa mambo ya maana: wingi wa maziwa, kiwele, miguu, kuzaa bila shida. Kati ya madume mawili yanayolingana, chukua la A2A2. Mara nyingi halikugharimu zaidi. Uliza pia vituo vya serikali: Kabete kwa Kenya, Usa River karibu na Arusha kwa Tanzania, Entebbe kwa Uganda. Na kadi yenye jina na namba ya dume ipigwe picha siku hiyohiyo, utumiwe.

Hesabu ya vizazi iko hivi. Ng'ombe A1A1 ukimpandisha kwa dume A2A2, ndama wote watakuwa A1A2. Ndama jike huyo akikua, ukampandisha tena kwa A2A2, nafasi ya kupata A2A2 ni nusu kwa nusu. Mimba ni miezi tisa, na mtamba anazaa mara ya kwanza akiwa na miaka miwili hadi miwili na nusu. Kila kizazi ni kama miaka mitatu, viwili ni sita: mikataba mitatu ya huku. Kwa hiyo si mradi wa haraka, lakini pia hauhitaji akiba yako yote leo. Unakwenda wenyewe polepole wakati ng'ombe anaendelea kuwalipia watoto ada.

Nani basi alipie vipimo vya A2? Mwenye ng'ombe kadhaa, aliye karibu na mji, anayefungasha maziwa yake mwenyewe kwa kibali cha bodi ya maziwa ya nchi yake, na mwenye wateja waliokwisha kukubali bei ya juu. Huyo apime kundi zima. Mwenye ng'ombe mmoja hana sababu.

Ukiwa na pesa ya kipimo kimoja tu, pima brusela. Ugonjwa huo unatupa mimba za ng'ombe na unaambukiza watu kupitia maziwa yasiyochemshwa. Hata hapa Saudia unawapata watu wanaokunywa maziwa mabichi ya ngamia. Ukiwa na pesa ya chanjo, chanja ndigana kali. Kupe hawaulizi cheti cha maabara, na ng'ombe wa kisasa anaweza kufa kwa ndigana ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo dada, kaka, kabla hujabonyeza kutuma, pata majibu ya maswali haya. Daktari wa mifugo amemwona ng'ombe, amethibitisha mimba na kupima brusela? Namba ya hereni kwenye video ni ileile ya kwenye karatasi? Majani ya miezi sita yatatoka wapi? Nani hasa atamlisha saa kumi na moja asubuhi, na atalipwa nini? Hilo la mwisho wengi tunaliruka, tukidhani undugu unatosha. Undugu haukati majani.

Lipa kwa awamu: kidogo wakati wa kukubaliana, kilichobaki ng'ombe akishafika zizini na kuonekana. Muuzaji akikataa yote haya huku akisisitiza A2, mwache aende nayo. Mitamba iko mingi, na mwezi mmoja na nusu wa jasho lako hauna wa kukurudishia.