Barua kutoka Columbus: Askari Majeruhi Anahitaji Karani

Kwenu wazee wangu, akina mama na vijana wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na hasa kwenu ninyi mliovua magwanda ya jeshi mkarudi nyumbani kulima,

Sisi huku Ohio tu wazima, kasoro baridi, nayo tumeizoea kama mpangaji anavyomzoea mwenye nyumba mkali. Wengi wenu huongea nami kwa simu, mmoja mmoja, kuhusu ada za shule na matanga. Leo nawaandikia wote pamoja kwa jambo ambalo halimalizwi kwa M-Pesa. Ni kuhusu vijana wetu waliorudi kutoka Somalia na majeraha, mengine ya kuonekana na mengine la, na kuhusu wadogo zao ambao hadi leo wanakimbia mbio za alfajiri wakingoja siku ya usajili.

Jeshi letu lilivuka mpaka Oktoba 2011. Kisha yakaja mashambulizi ya kambi zetu za El Adde, Januari 2016, na Kulbiyow mwaka uliofuata. Waliokufa tuliwazika kwa heshima. Waliorudi hai kila mtaa unawajua: yule asiyeweza kupanda matatu iliyojaa, yule anayeamka usiku akipiga kelele, yule ambaye mkewe alichoka akarudi kwao. Tunawaita afande barabarani, tunawapigia makofi kila tarehe 20 Oktoba, kisha kila mtu anashika njia yake.

Huku nimeona wenzetu walivyolikabili tatizo kama hilo. Columbus, mji huu ninaoishi, ndio uliozaa chama kimoja kikubwa cha wanajeshi wa zamani wa Marekani, Veterans of Foreign Wars, ambacho wenyewe hukiita VFW. Mwaka 1899 askari waliotoka vitani dhidi ya Wahispania walirudi na malaria, homa ya matumbo na mikono mitupu. Matibabu hawakupewa, pensheni hawakupewa. Kumi na watatu kati yao wakakutana kwa fundi cherehani mmoja katika barabara ya East Main, wakakubaliana kuwa hakuna atakayewasemea wasipojisemea. Kumbukeni hilo la fundi cherehani kila mtakaposikia kwamba jambo haliwezi kuanza kabla mbunge hajatoa mabati.

Leo karibu kila mji mdogo huku una ukumbi wa VFW au wa wenzao wa American Legion, chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1919 na askari waliokuwa bado hawajarudi nyumbani. Ukipita nje unaona mzinga wa zamani uliopakwa rangi. Ndani kuna baa, meza za bingo, na Ijumaa za Kwaresima watu hupanga foleni kununua samaki wa kukaanga na kabichi. Mgeni akiona hivyo hudhani ni klabu ya wazee ya kunywea pombe, na nyingine kwa kweli hazina zaidi ya hapo. Lakini katika ukumbi uliosimama vizuri kuna meza moja pembeni, yenye mafaili, na nyuma yake ameketi mtu wanayemwita afisa wa huduma. Kwangu mimi huyo ndiye moyo wa ukumbi. Samaki na bingo ni vya kulipia umeme.

Kazi ya mtu huyu ni karatasi. Marekani humlipa askari aliyeumia kazini kwa kupima ulemavu wake kwa asilimia, kutoka sifuri hadi mia, kwa hatua za kumi kumi. Aliyefika mia hupata zaidi ya dola 3,000 kila mwezi. Tatizo ni kuthibitisha. Lazima uonyeshe ugonjwa ulionao leo, tukio lililokupata jeshini, na maoni ya daktari yanayofunga kamba kati ya hayo mawili. Ukikosa kimoja, barua inarudi na neno la kukataliwa. Afisa wa huduma amefundishwa kazi hiyo, anatambuliwa na serikali, na hatozi hata senti. Wapo wengine wanaojitangaza kuwa watakusaidia kwa malipo, na wanachama wa VFW wamewapa jina linalowafaa: papa. Naamini huko kwetu papa wa aina hiyo hamhitaji kuonyeshwa.

Nawapa mfano wa nyumbani. Mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Mwatate, aliingia jeshi la Marekani kupitia mpango uliofunguliwa mwaka 2009 kwa wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwamo katika orodha hiyo. Mpango ulisimamishwa mwaka 2016, lakini Wakenya wengi walishapitia mlango huo. Kijana wetu alikuwa dereva wa malori Afghanistan. Alirudi na goti bovu na mlio usiokoma masikioni, ambao, ajabu, ndio ulemavu unaolipiwa watu wengi kuliko mwingine wote katika orodha ya serikali yao. Aliandika madai yake peke yake kwa Kiingereza kizuri cha darasani, yakakataliwa. Akayatupa kabatini, akanyamaza.

Aliyemfufua ni mzee mmoja wa vita vya Vietnam, mwenye meza ile ya pembeni. Hakumpa pole. Alimuuliza maswali kwa mpangilio, taratibu, kama mtu anayepukuchua mahindi: siku hiyo ulikuwa na nani kwenye lori? Nani alikufunga bendeji? Huyo yuko wapi sasa? Wakamtafuta mwenzake hadi Texas, akaandika maelezo ya aliyoyashuhudia, akatia sahihi. Madai yakarudishwa, na safari hii yakapita. Pesa zilisaidia, siwezi kusema hazikusaidia. Ila dada yangu atawaambia kwamba kijana alianza kulala usingizi hata kabla ya pesa kufika, tangu siku alipopata mtu wa kuhesabu naye mambo yaliyompata, moja baada ya jingine.

Na mzee hakumwacha hapo, ndiyo maana nimeona niandike. Alimwambia: Jumamosi tunakuhitaji.

VFW huendesha shindano la wanafunzi wa sekondari linaloitwa Voice of Democracy, lililoanza mwaka 1947. Mwanafunzi huandika hotuba yake mwenyewe, huisoma na kuirekodi kwa dakika tatu hadi tano, kisha huipeleka katika ukumbi wa karibu. Wa kwanza nchi nzima hupata dola 35,000 za masomo. Lakini safari yote huanzia katika tawi la mtaani, na huko wanahitajika watu wa kukaa na kusikiliza. Kijana wetu akakataa, akataja masikio yake. Wakampa chumba kimya na vifaa vya kuvaa masikioni, na kazi ikaanza. Nilimkuta jioni moja akibishana na wazee kwa nini msichana fulani, mtoto wa Wasomali waliohamia Columbus, anastahili alama zaidi. Alikuwa amekunja uso, amesimama kwa goti lile lile bovu, na hasira yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na faida kwa mtu mwingine.

Naamini hapo ndipo hawa watu wamegundua jambo. Huduma kwa majeruhi na huduma kwa vijana zikikaa chini ya paa moja, kila moja hulipia nyingine. Si jambo jipya kwao. Maua mekundu ya karatasi wanayouza kuchangisha fedha, VFW ilianza kuyagawa nchi nzima mwaka 1922, na tangu 1924 yametengenezwa na askari wenye ulemavu, ambao hulipwa kwa kazi hiyo. Mgonjwa hakungoja kuletewa ua kitandani. Aliliunda yeye mwenyewe. American Legion nao walianza ligi ya besiboli ya vijana huko South Dakota mwaka 1925, wakati ambapo walezi wengi wa timu zile walikuwa wanaume waliotoka kwenye mahandaki ya Ufaransa. Na Disabled American Veterans, chama cha walemavu wa vita, kina magari yanayowapeleka wagonjwa hospitali bure, yakiendeshwa na watu wa kujitolea.

Nisije nikawapambia mambo. Kumbi hizi zina doa. Huko kusini, enzi za ubaguzi, askari Weusi walifungiwa nje, na sheria ya 1944 ya kuwasomesha na kuwakopesha nyumba waliorudi vitani, ambayo rasimu yake iliandikwa na wakili wa American Legion, Harry Colmery, iliwafikia Weusi kwa kijiko. VFW haikuwapokea wanawake hadi 1978. Vijana waliotoka Vietnam walipoingia kumbini, wazee wa vita vya Hitler wengi wao waliwatazama kama watu walioshindwa, hadi wakaanzisha chama chao. Na baa! Sijaelewa hadi leo ni nani aliyeona kuwa mtu anayepambana na ulevi asaidiwe chumba cha pili kutoka kaunta ya bia. Wengine huku husema pia kwamba mashindano ya vijana ni chambo cha kuwaingiza jeshini. Si uongo mtupu. Ndiyo sababu napenda vijana wafundishwe na aliyejeruhiwa, maana huyo hawezi kuipamba vita.

Sasa turudi kwetu.

Sisi watu wa Taita Taveta hatuhitaji kufundishwa vita na Mmarekani. Mlima Salaita, ambapo Waingereza na Makaburu walipigwa na Wajerumani Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, uko pale pale. Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Makaburi ya askari yanafyekwa nyasi na kutunzwa vizuri hadi leo, Voi, Maktau na Taveta. Lakini wapagazi, wale Kariakoo waliobeba risasi na unga hadi Tanganyika wakafa kwa kuhara na njaa kwa makumi ya maelfu, makaburi yao yako wapi? Wengi walikufa wakiwa wanadai mshahara, na fedha hizo hazikuwafikia wajane. Serikali ya kikoloni ilisema warithi hawajulikani. Hakuna aliyekuwa amekaa na mjane kuandika jina la marehemu, kijiji chake na namba yake ya kikosi. Karne imepita, na bado nasikia habari za mama anayefuatilia haki za mwanawe aliyekufa akiwa kazini, anayeambiwa alete cheti hiki, akikileta anaambiwa alete kile.

Chama cha wanajeshi wa zamani Kenya tunacho, DEFOCA, na sisemi muanzishe kingine cha kushindana nacho. Nasema kifike Mgange na Kasigau. Ninyi mliokuwa makarani wa kikosi, mliokuwa matabibu wa jeshi, masajini mliojaza fomu za likizo za watu mia, ujuzi huo hamkuukabidhi pamoja na bunduki. Wekeni meza moja kwenye baraza la chifu, siku moja kwa mwezi. Askari majeruhi, au mjane, au mzazi, aje na alichonacho kwenye mfuko wa plastiki. Mpangieni faili. Mwandikieni barua. Mjulisheni ni ofisi gani na mlango upi. Mtakapokwama, nauli ya kwenda Nairobi iwe tayari kwenye sanduku la chama, si ya kuchangishwa siku hiyo hiyo.

Na vijana wawe papo hapo. Mei 2024 kaunti yetu, pamoja na Mombasa na Kilifi, ilipiga marufuku muguka, mahakama ikaingilia, wanasiasa wakagombana, na vijana wakabaki vibandani pale pale. Marufuku haimpi mtu pa kwenda. Mstaafu mwenye mguu mmoja anaweza kufundisha huduma ya kwanza kwa waendesha bodaboda, ambao wanavuja damu barabarani kila wiki. Anaweza kuwaambia wanaojiandaa kwa usajili ni nini kinachoangaliwa, na kwamba anayeuza barua ya kuitwa jeshini ni tapeli hata akiwa na muhuri. Anaweza kuwaambia habari za vijana wenzao waliohadaiwa kwa ahadi ya kazi wakajikuta mstari wa mbele katika vita vya Urusi na Ukraine. Wakiyasikia kwa mwalimu watapiga miayo. Kwake watanyamaza.

Neno kwenu akina mama: huku, kumbi nyingi zingefungwa zamani kama si wake na binti za wanachama, ambao huendesha jiko na hesabu. Msikubali mpewe jiko peke yake. Shikeni daftari la fedha.

Sisi wa ughaibuni tusitume fulana zenye bendera. Kikundi chetu cha hapa Columbus kimekubali kulipia mambo matatu kwa mwaka wa kwanza: nauli za hospitali, kompyuta moja yenye printa, na mafunzo ya watu wawili mtakaowachagua wenyewe kukaa kwenye meza. Mmoja kati yao awe mwanamke, na asiwepo jamaa yangu hata mmoja. Kabla hatujatuma shilingi, tunaomba orodha kutoka kila kata: nani amerudi na jeraha, anaishi wapi, ana karatasi gani na anakosa ipi. Orodha hiyo ibaki mikononi mwa wastaafu, isibandikwe ukutani wala kusomwa kwenye mkutano wa siasa. Mkiwa nayo, nipigieni, hata kama ni usiku kwangu.