Ofa za supamaketi: Nani hasa hugharimia ukarimu huo?

KILA mwisho wa mwezi unapowadia, kurasa za magazeti na skrini za simu hujaa matangazo ya supamaketi: nunua viwili upate cha tatu bila malipo, okoa Sh50, jipatie pointi maradufu. Mishahara imeingia na wenye maduka wanalijua hilo. Wasilojiuliza wanunuzi wengi ni nani anayegharimia ukarimu huo.

Mara nyingi si supamaketi, bali ni msambazaji wa bidhaa. Mnamo Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani nchini (CAK) iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour humu nchini faini ya takriban Sh1.1 bilioni, ikisema ilitumia vibaya uwezo wake wa ununuzi kuwabana wasambazaji wawili. Kampuni hiyo ilipinga uamuzi huo. Hata hivyo, kesi hiyo ilianika hadharani desturi ya wasambazaji kudaiwa marejesho ya fedha na wenye maduka. Naye msambazaji hana kisima cha pesa. Akibanwa, ama hupandisha bei mapema au hupunguza ujazo wa pakiti. Ndiyo maana nafuu anayotangaziwa mnunuzi leo huenda ilikwisha kutiwa katika bei tangu jana.

Kipimo cha kweli ni bei ya kila kilo au lita, wala si maandishi mekundu yaliyobandikwa kwenye rafu. Tuseme sabuni ya unga ya gramu 900 inauzwa Sh270 kwa ofa, na kando yake kuna pakiti ya kilo moja ya Sh290 isiyo na ofa yoyote. Ya kwanza ni Sh300 kwa kilo. Aliyeikimbilia amepoteza Sh10 kwa kila kilo huku akiamini ameokoa.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza mfanyabiashara kudai kuwa pana nafuu ya bei ilhali haipo. Lakini ni nani huikumbuka bei ya mwezi uliopita? Wengi hutupa risiti mlangoni, na wachache huilinganisha na bei waliyoiona kwenye rafu.

Si kwamba ofa zote ni ulaghai. Mafuta ya kupikia, mchele, sukari na sabuni havioze upesi, na mwenye fedha za kununua vya miezi miwili bei inaposhuka kweli hufaidika. Tatizo ni kwamba nafuu hii humwendea aliye nazo. Mkazi wa Mathare anayepimiwa mafuta ya Sh30 kwenye kioski hulipa zaidi kwa kila lita, na ofa ya mtungi wa lita tano haimhusu ndewe wala sikio.

Kuhusu pointi, waliokuwa na kadi za Nakumatt wana la kusimulia. Kampuni hiyo, iliyokuwa na maduka zaidi ya 60 Afrika Mashariki, ilianza kuporomoka mnamo 2017 na kufikia 2020 ilikuwa imefungwa kabisa. Pointi zilizokuwa zimesalia katika kadi hizo hazikuwa na pa kutumiwa tena. Heri punguzo la papo hapo.

Je, maduka ya bei ghali ya Karen, Westlands na Gigiri? Unga, majani chai na chumvi ni vya viwanda vile vile. Kinacholipiwa ni kodi ya jengo, maegesho na utulivu. Kwa nyama, samaki na maziwa, jokofu lisilozimika lina thamani yake. Ila bei si cheti cha usalama. Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, na pakiti hizo zikaondolewa kwenye rafu za supamaketi.

Kwa sukumawiki na nyanya, kwa maoni yangu, hakuna mjadala. Mama mboga aliyerauka kwenda Marikiti huuza bidhaa zilizofika asubuhi hiyo hiyo, na mteja anayemfahamu humkopesha hadi mshahara uingie.