Nyumba ya bei nafuu Kisangani: mchoro uanzie wapi?

Ng'ambo ya mto, katika komini ya Lubunga, nyumba nyingi zimechomwa tangu mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza Februari 2023. Waliovuka kuja mjini walilala mashuleni. Kabla yao kuna ndugu wa Vita vya Siku Sita, Juni 2000: Umoja wa Mataifa ulihesabu nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na milioni 40 kati ya hizo ni fidia ya mali. Mfuko wa kugawa fedha hizo, Frivao, una makao yake Kisangani.

Wengi wametazama fedha zitagawanywaje. Sisi tunauliza pia: mjane akipata sehemu yake, atajenga nyumba gani, na nani atamchorea?

Vijana wetu wanaosomea ujenzi wana kazi za kuchora kila mwaka. Michoro tuliyooneshwa ni mizuri kwa macho: ghorofa, nguzo za zege, mahali pa gari. Hatuwalaumu, ndivyo walivyoagizwa. Lakini simenti inafika Kisangani kwa malori kutoka upande wa Uganda au kwa mashua kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za mto, na kila kizuizi njiani kinaongeza bei ya mfuko. Nyumba ya zege tupu si ya mjane wa Lubunga.

Huko Alabama, Marekani, wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Auburn wana karakana iitwayo Rural Studio, iliyoanza 1993. Mwaka 2005 waliambiwa wabuni nyumba ya dola 20,000, vifaa na mafundi pamoja. Bei ilitangulia, mchoro ukafuata. Tena waliijenga wenyewe, familia halisi ikahamia, na kundi lililofuata likaona kosa liko wapi. Dola 20,000 kwetu ni mali ya tajiri, lakini njia yao inafaa: mwanafunzi aanze na kiasi ambacho familia moja inaweza kupata.

Kisha atazame kilichopo. Udongo upo. Mbao zipo, ingawa nyingi zilizo bora hupasuliwa msituni na kwenda kuuzwa Uganda na Kenya. Adui wa tofali bichi hapa ni maji, kwa kuwa mvua hukaribia kunyesha mwaka mzima. Basi simenti kidogo iliyopo iende kwenye msingi, ukuta uinuliwe juu ya maji yanayoruka kutoka chini, na paa litoke nje kwa upenu mpana. Matofali ya kuchoma ni imara zaidi, lakini tanuru linakula kuni nyingi. Mwanafunzi anayepima mambo haya kwa hesabu amefanya kazi ngumu kuliko aliyechora ghorofa. Huko Ilima, katika jimbo jirani la Tshuapa, shule ya msingi iliyokamilika 2015 ilijengwa kwa udongo na mbao za hapo hapo, pamoja na mafundi wa kijiji. Hakuna anayeiita shule ya maskini.

Na makanisa? Chuo Kikuu cha Kisangani kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, kikiitwa Université Libre du Congo, kwa hiyo kuzungumza na walimu wa vyuo si jambo geni kwetu. Tuna viwanja, tuna shule za ufundi, na mashemasi wanajua ni familia ipi inalala wapi. Parokia moja inaweza kutoa familia moja na kiwanja kimoja, chuo kikatoa wanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Jambo moja lisisahaulike: hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la mama mwenyewe kabla tofali la kwanza halijawekwa. Lubunga mgogoro ulianzia kwenye ardhi.