Msaada Uanzie Dukani: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
na Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi katika Bunge la Kaunti.

MINTARAFU: MICHANGO YA MITAA NA MPANGO WA KAUNTI WA KUKABILI MAAFA

Mheshimiwa Gavana,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia mimi mkazi wa Mji wa Kale, mwenye duka, niliyekabidhiwa na majirani zangu daftari la mchango wakati wa korona. Sikuandikii kuomba unga. Nakuandikia kwa sababu mengi tuliyojifunza mwaka 2020 yamebaki kwenye daftari hilo na kwenye vichwa vya watu wanaozidi kuzeeka, nami nachelea janga jingine litatukuta tukianza upya na alifu.

Wewe na Waheshimiwa mnazikumbuka siku zile. Tarehe 13 Machi 2020 kilitangazwa kisa cha kwanza nchini. Kabla mwezi haujaisha, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilikuwa zimesimamishwa, na kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza tarehe 27. Aprili 8 kaunti yetu ikafungwa, pamoja na Kilifi na Kwale: hatoki mtu, haingii mtu. Kisha Mei 6, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wenyewe ukawekewa mpaka wake. Idi ilitukuta ndani, na hatukufunguliwa mpaka Juni.

Amri zile zilikuwa na sababu yake. Maradhi yalikuwa yakiua watu. Lakini kila amri ilishukia jiko la mtu. Hoteli za Nyali na Bamburi zilipokosa wageni, wahudumu, wapishi na wafua shuka walirudi nyumbani bila kujua wataitwa lini. Huku kwetu, Magharibi siku zile iliingia yapata saa kumi na mbili na robo. Mtu akishafuturu, alibakiwa na nusu saa tu kabla ya kafyu. Muuza kahawa chungu, mchoma mishkaki na mama wa viazi karai, ambao riziki yao ya Ramadhani huja watu wakitoka kusali tarawehe, walipoteza mwezi mzima wanaoutegemea mwaka mzima. Mafundi cherehani walibaki wakitazama vitambaa vya Idi ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua.

Habari ya njaa mimi niliipata kwenye mizani. Kulikuwa na mtoto wa nyumba ya tatu kutoka dukani kwangu, aliyezoea kutumwa mchele kilo mbili. Mwezi wa nne akawa anapimiwa kilo moja. Baada ya wiki, nusu. Kisha robo, na sukari ya kufungwa kwenye kikaratasi. Baba yake alikuwa mhudumu wa hoteli kwa miaka mingi, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na salamu ya sauti. Kamati yetu ya mchango ilikuwa imeshaandika majina: wajane, wazee wanaoishi peke yao, mayatima. Jina lake halikuwamo. Hakuna aliyemdhania.

Usiku mmoja nilikuwa napitia daftari la deni, nikaona jina lake limesimama. Siku sita hakukopa kitu. Nikaufunga ukurasa, nikaufungua tena. Mtu anayekopa bado anaona mbele yake siku ya kulipa. Anayeacha kukopa, na hali pesa hana, huyo ameshaona haya hata ya kuomba deni. Kesho yake alasiri nilipima mchele, unga, maharagwe na mafuta, mke wangu akautia mzigo kikapuni, akaufunika kwa leso na kuupeleka. Alimwambia mama wa nyumba, "Mmesahau vitu vyenu dukani." Yule mama akakitazama kikapu, akamtazama mke wangu, akakipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema neno jingine. Tangu siku ile kamati yetu haikuandika jina bila kwanza kuuliza wenye maduka: nani amepunguza kipimo? Nani ameacha kuja?

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka ulichukue, Mheshimiwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,200,000 katika kaunti hii. Hakuna afisi inayoweza kujua ni nani kati yao aliyelala na njaa jana. Mwenye duka anajua, bila kumuuliza mtu. Mama wa mahamri anajua, kwa kuwa ameona nani alikuwa akinunua kumi na sasa ananunua mawili. Anayekusanya pesa za chama cha wanawake anajua, kwa kuwa ameona mkono ambao safari hii haukutoa.

Jambo la pili ni jinsi pesa zilivyozunguka. Kuanzia Machi 17 ada ya kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa simu iliondolewa, nasi tuliitumia nafasi ile barabara. Watu walituma hamsini, mia, mia mbili. Mtu ambaye angeona aibu kutoa shilingi hamsini mkononi mbele ya watu, aliituma kwa simu na ikaandikwa sawa na elfu ya mwenzake. Vijana wetu walioko Ghuba na Uingereza nao walituma, ingawa baadhi yao kazi zilikuwa zimesimama huko huko waliko.

Pesa zilipofika, tungeweza kwenda kwa muuzaji wa jumla, kununua magunia na kugawa. Bei ingekuwa nafuu kidogo. Lakini mzee mmoja wa kamati alituuliza swali: "Mkigawa unga bure mtaa mzima, huyu mwenye duka dogo atamuuzia nani?" Tukaamua kila nyumba ipewe kikaratasi chenye muhuri wa kamati na kiwango cha pesa, ikachukue inachokihitaji kwenye duka la karibu. Mwenye mtoto mchanga akachukua maziwa. Mwenye mgonjwa wa sukari akachukua anachoruhusiwa kula. Jumamosi mwenye duka akaleta vikaratasi vyake, akalipwa, akaenda kununua mali mpya. Shilingi ile ile ikalisha nyumba na ikazuia duka lisifungwe. Barakoa nazo tulizinunua kwa mafundi cherehani wa mtaani, wale wale waliokosa kazi ya Idi.

Nayasema haya kwa fahari, lakini ukweli wote lazima niuseme. Mchango wetu ulichoka. Ukifungua daftari langu utaona safu mbili, ya waliotoa na ya waliopokea. Mwezi wa nne safu hizi zina majina tofauti. Mwezi wa sita kuna majina yaliyohama: aliyetoa mia tano Aprili, Juni ameandikwa upande wa wanaopokea. Harambee yetu imezoea msiba wa nyumba moja. Jirani akifiwa, akiungua nyumba au mwanawe akikosa karo, nyumba ishirini zilizosalimika humwinua. Janga la korona liliingia kila nyumba kwa wakati mmoja, na wainuaji nao wakaanguka. Hapo ndipo ilipohitajika mkono ulio nje ya mtaa.

Mkono ulikuja, lakini bila macho. Sitataja ni wa nani, maana nia yangu si kulaumu. Lilikuja lori la msaada siku moja, limebeba pakiti zilizofungwa mbali, na orodha iliyoandikwa mbali. Ndani yake mlikuwa na jina la mzee aliyekwisha kufariki, na la familia iliyohama. Wapangaji wa vyumba vya uani hawakuandikwa kabisa. Walioandikwa waliambiwa wapange foleni na wapigwe picha wakiushika mfuko wa unga. Wako waliorudi nyumbani mikono mitupu ili wasipigwe ile picha. Mimi siwashangai. Stara ya mtu ni mali yake ya mwisho, na mtu hawi radhi kuibadilisha na kilo mbili za unga.

Sisi tulikuwa na majina tukaishiwa na pesa. Waliokuwa na pesa hawakuwa na majina. Barua yangu nzima, Mheshimiwa, ni ombi kwamba viwili hivi vikutanishwe sasa, kungali na utulivu.

Naomba mambo manne.

La kwanza, kila wadi iwe na kamati ya maafa inayojulikana kabla ya maafa. Humo aketi mwenye duka, mama kutoka vyama vya wanawake, imamu na mchungaji, mzee wa mtaa, kijana wa bodaboda au tuktuk, na mpangaji asiye na ukoo mtaani. Huyu wa mwisho nawasihi msimsahau. Mtaa nao una upofu wake. Sisi tuliwaandika upesi tuliosoma nao madrasa, tukachelewa kuwaandika waliokuja juzi kutafuta kazi bandarini. Kosa hilo ni letu, na dawa yake ni kumweka mgeni mezani tangu mwanzo.

La pili, chakula cha msaada kipitie maduka ya mtaani kwa vikaratasi au kwa pesa za simu, na mwenye duka alipwe ndani ya siku 14. Duka dogo halina akiba ya kuikopesha serikali miezi sita. Likicheleweshewa malipo litafungwa, na siku ya janga jingine hakutakuwa na mizani ya kutuonya.

La tatu, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Naomba sehemu ya hazina hiyo itengwe kuongezea michango ya mitaa, shilingi kwa shilingi, na kwa mitaa iliyo maskini kabisa, shilingi mbili kwa moja. Sharti liwe daftari lililo wazi kwa wakaguzi wenu, lenye sahihi za watu watatu wasio wa nyumba moja. Majina ya wanaopokea yakaguliwe, yasibandikwe ukutani, na mtu asipigwe picha akipokea chakula.

La nne, serikali inapoamuru biashara zifungwe kwa ajili ya afya ya umma, ada ya leseni ya biashara ndogo ipunguzwe kwa kipindi hicho, wala isihesabiwe kuwa deni. Mama wa viazi karai hakufunga karai lake kwa uvivu. Alitii amri iliyotukinga sote.

Najua yapo maswali. Ataulizwa Gavana: je, kamati hizi hazitakula pesa? Hazitapendelea jamaa zao? Hofu hiyo ina msingi. Binadamu ni wale wale. Lakini kwenye mtaa, jina la uongo lina uhai mfupi. Wenye duka walikuwa wakiniambia waziwazi, "Huyu mmemwandika, na jana alinunua kwangu mchele wa pishori," nasi tukalifuta jina au tukaeleza sababu ya kuliacha. Wakaguzi wenu wakiongezea jicho lao juu ya jicho hilo, hesabu itakuwa safi kuliko ile ya orodha iliyoandikwa mbali.

Wala sipendi mtu asome barua hii akadhani nasema wananchi wajitegemee na serikali ipumzike. Katiba yetu, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Haki hiyo haidaiwi kwa jirani. Jirani hutoa kwa utu. Serikali hutoa kwa wajibu. Tunachoomba ni wajibu huo uje kwa njia ambayo utu umeshaifyeka.

Waheshimiwa wa Bunge, mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilitukumbusha kwamba janga lijalo si lazima liitwe korona. Linaweza kuwa maji, moto au bei. Watakaolijua mapema ni wale wale: wenye mizani, wenye karai, wenye vyama. Kanuni za jambo hili mnaweza kuzitunga katika kikao cha kawaida, bila kungoja king'ora.

Mheshimiwa Gavana, yule mhudumu wa hoteli alirejea kazini wageni waliporudi. Mwezi wa kwanza wa mshahara alikuja dukani mwenyewe, akalipa deni lote la zamani. Kisha akauliza mchango wa mtaa unakusanywa wapi. Nikamwambia hakuna mchango kwa sasa. Akaniwekea pesa mezani, akasema, "Ziandike. Utakuwapo." Nikaziandika. Ni mstari wa mwisho kwenye daftari, upande wa waliotoa, na chini yake nimeacha kurasa tupu.

Nakuomba umtume afisa mmoja wa kitengo cha maafa, aje alasiri moja, aketi nasi barazani mbele ya duka. Asije na hotuba. Aangalie tu jinsi watu wanavyopimiwa, kisha nitamfungulia daftari tulisome pamoja.

Wako mtiifu katika utumishi wa jirani,

Mweka daftari la mchango wa mtaa,
Mji wa Kale, Mombasa.