Picha Safi Haithibitishi Jini

Ipo hoja inayopigiwa makofi kwenye mikutano ya maombezi, na inakera kila inaporudiwa: kijana anasikia sauti za watu wasioonekana, amepigwa picha ya kichwa hospitalini, majibu yametoka safi, basi ana jini. Daktari hakuona kitu, kwa hiyo mhubiri ndiye aliyeona. Kwa mantiki hiyo, mwenye njaa akipigwa eksirei ya mbavu na njaa isionekane, mwongo huyo. Picha ya CT huonyesha umbo la ubongo. Madaktari huiagiza wakitafuta uvimbe, jeraha au damu iliyovuja. Ikitoka safi, hayo hayakuonekana, na haisemi zaidi ya hapo. Hata mwaka 1976, mtafiti Eve Johnstone na wenzake walipogundua London, kwa picha hizo, kwamba nafasi za maji ndani ya ubongo ni pana zaidi kwa watu wenye skizofrenia ya muda mrefu, ugonjwa wa akili unaoweza kuleta sauti kama hizo, tofauti ilijitokeza kwa kulinganisha kundi na kundi, si kwa kukagua kichwa kimoja.

Anayezitaka sauti zenyewe autazame ubongo ukiwa kazini. Mwaka 1993 Philip McGuire na wenzake, London pia, waliwapima wanaume 12 wenye skizofrenia walipokuwa wakisikia sauti, wakawapima tena zilipokoma. Wakati wa sauti, damu ilizidi kwenda eneo la Broca, ambalo mtu hulitumia kutunga maneno. Mwaka 1999 wagonjwa watatu nchini Ujerumani walibonyeza kitufe kila sauti zilipoanza, na mashine ya MRI ikaonyesha kuamka kwa sehemu ileile ya ubongo inayopokea sauti za kawaida kutoka masikioni. Kijana hadanganyi, wala hana mgeni kichwani; anausikia ubongo wake mwenyewe. Jini gani huyu asiye na sauti yake, mpaka aazime ya mgonjwa?

Watauliza: mbona akiombewa hutulia? Hutulia, kwani ugonjwa huu hupanda na kushuka, na aliyekeshwa kwa makelele usiku kucha atalala tu. Ukimrudia, mama mtu hulaumiwa kwa imani haba na kuuziwa chupa nyingine ya mafuta ya upako. Na serikali inayoacha dirisha la dawa hospitalini bila vidonge vya akili ndiyo inayomjazia mhubiri viti.

Tangu dawa ya klopromazini ilipoanza kutumika Paris mwaka 1952, dawa nyingi zinazopunguza sauti hizi zimefanya kazi kwa kuzuia kemikali ya dopamini ubongoni. Ombeni mpendavyo, lakini mtoto apelekwe kliniki ya afya ya akili, na yeyote anayemwambia aache vidonge ili aonyeshe imani afukuzwe mlangoni.