Bustani ya Shirika, Dirisha la Kioo

Wako waonao kuwa nyumba ya kisasa ni ukuta mweupe na paa bapa, basi. Mimi nimepata kukaa kwa jamaa yangu Blackheath, London, katika mtaa mmoja wa kampuni ya Span wa miaka ya 1950, na nasema sivyo. Mchora ramani wake, Eric Lyons, alianza na ardhi: miti mikubwa ikaachwa, nyumba zikazunguka majani. Mwenziwe, Geoffrey Townsend, aliacha uanachama wa wasanifu ili awe mjenzi wa kuuza, kwani kanuni za chama chao zilikataza kushika yote mawili.

Lakini siri si mchoro. Kila anunuaye nyumba huingia papo hapo katika chama cha wakazi, hutoa ada ya bustani, wala hana ruhusa kugeuza sura ya nje apendavyo. Rangi ya mlango wako ni shauri la jirani! Wengine waita kifungo. Mimi naona ndilo lililoihifadhi mitaa hiyo.

La kioo silikubali. Dirisha laanzia sakafuni likafika darini, na mpita njia akuona unywapo chai. Nyumba zetu za mawe za Lamu zina daka, kisha kiwanda, kisha misana na ndani. Mgeni hukomea pake, sitara haiguswi. Ila vichochoro vyetu, vilivyo vya wote, nani avitoleaye ada? Misikiti ya mitaa ina kamati zake. Kamati hizo zaweza kuanza na mitaro iliyoziba.