Ziara ya Siku Moja: Tunakwenda Zanzibar Kuona Nini?

Kila mwaka muda wa ziara ukikaribia, makundi ya WhatsApp ya madarasa yanajaa tangazo lile lile: Zanzibar, siku moja, changia mapema. Orodha ya vituo huwa ndefu kuliko siku yenyewe. Forodhani, Ngome Kongwe, soko la Darajani, kanisa la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, mashamba ya viungo, halafu Changuu kuangalia makobe. Swali langu kwa wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, ni hili: tunakwenda kuona nini hasa?

Tupige hesabu. Boti ya saa moja asubuhi kutoka Dar inafika Unguja kama saa tatu. Ya kurudi tuseme ni saa kumi jioni. Toa muda wa kushuka, kula, kusubiriana na kukusanyika tena bandarini, zinabaki kama saa tano. Changuu peke yake inakula karibu saa nzima ya mashua, kwenda na kurudi. Kilichobaki gawanya kwa vituo vitano. Kiukweli hiyo ni mbio tu.

Hatuko peke yetu. Meli kubwa za kitalii nazo hufanya hivyo hivyo. Abiria wanashuka Zanzibar asubuhi, jioni wanarudi melini ambako kitanda na chakula vimeshalipiwa. Kilwa Kisiwani meli hutia nanga, watalii wanaletwa ufukweni kwa boti ndogo, wanatembezwa kwenye magofu ya Msikiti Mkuu, wanapiga picha, wanaondoka. Wenyeji wanabaki na ujira wa muongozaji, nauli ya mashua na pesa ya vinyago viwili vitatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa saa tano jembe halioni kabisa, na mwenye jembe hamjui.

Nayasema haya kwa sababu nimekulia upande wa pili wa dirisha. Kwetu ni Mikese, kilomita kama 30 kabla ya Morogoro mjini ukitokea Dar. Basi likisimama, mwenye beseni la matunda ana dakika chache za kukimbia, kutaja bei, kupokea hela na kurudisha chenji. Abiria ukimuuliza Mikese ni wapi, atakwambia ni pale wanapouza matunda. Hajadanganya, ndicho alichokiona. Tatizo ni kwamba kile kinachouzika kwa dakika tano kinageuka kuwa ndiyo mji mzima. Na treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ndiyo kabisa: ikitoka Ngerengere kituo kinachofuata ni Morogoro.

Asichokiona yule abiria ni hiki. Mwaka 1871 Stanley alijiandaa Zanzibar, akavuka hadi Bagamoyo, akapita Mikese na msafara wake akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Hakuichonga njia hiyo yeye. Misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inapita kwenye njia za namna hiyo kabla yake. Mwaka 1916, vita ilipofika huku, Waingereza walikigeuza kituo cha reli cha Mikese kuwa bohari. Mizigo ya jeshi ilitokea hapo kwenda upande wa Kisaki na Rufiji, na sehemu kubwa ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika, wengi wao wakafa kwa maradhi na njaa. Wapagazi wa vita ile ndio walioacha jina la Kariakoo pale Dar.

Kwa hiyo anayekwenda Mkunazini bila kuijua njia ya bara anaona mwisho wa hadithi tu. Kesho huyo huyo atasimama mbele ya wanafunzi kufundisha biashara ya masafa marefu. Tazama Changuu. Wengi wanarudi wakisema wameona gereza walilofungiwa watu, kwa sababu jina la kitalii ni Kisiwa cha Gereza. Jengo lile lilijengwa miaka ya 1890 liwe gereza kweli, ila likaishia kutumika kama karantini ya wasafiri wanaohofiwa kuwa na maradhi. Mwalimu aliyepiga selfi na kobe bila kuuliza swali hili atafundisha kosa, na atalifundisha kwa kujiamini maana "nilifika mwenyewe".

Najua nitajibiwa: siku moja ni bora kuliko kukosa kabisa, wapo wenzetu ambao hawajawahi hata kuiona bahari. Hilo ni kweli na silibezi. Kwao siku hiyo ni kubwa. Ndiyo maana sisemi ziara zifutwe. Nasema mtu anayekata hela yake ya kula kwenye boom ili achangie, anastahili zaidi ya kukimbizwa.

Basi naiomba serikali yetu ya wanafunzi mambo matatu. Kwanza, vituo vipungue viwe viwili, na kimoja kiwe cha kukaa na kuongea na wenyeji. Pili, wiki moja kabla tukutane darasani, kila mmoja aandike swali analokwenda kulitafutia jibu, tukirudi tusomeane majibu. Tatu, kabla ya Zanzibar tuanze na ziara ya karibu kwa nauli ya daladala: Mikese, kituo cha reli, wazee wanaokumbuka waliyosimuliwa. Asiye na mchango wa boti naye atakuwemo.

Mimi kazi ya kuzungumza na wazee wa nyumbani nimejitolea kuifanya. Kamati ikitaja tarehe, watatupokea.